Mashemeji wa Maghera

Kuna wanaume wawili wa Ayalandi ya Kaskazini ambao waliwahi kupewa kile kitu ambacho kila kijana anayepiga mpira mtaani hukiota: tikiti ya ndege, kandarasi, na mshahara wa kucheza. Wa kwanza ni Chrissy McKaigue wa Slaughtneil, aliyeenda Australia kujiunga na Sydney Swans. Wa pili ni Conor Glass wa Glen, klabu ya mji mdogo wa Maghera, kilomita chache tu kutoka kwa kina McKaigue. Yeye alichukuliwa na Hawthorn ya Melbourne. Wote wawili walirudi nyumbani. Walirudi kucheza mchezo ambao haulipi mshahara, kwa klabu walizokulia. Na kwa miaka kadhaa, kikwazo kikubwa cha kila mmoja wao kilikuwa yule mwenzake wa ng'ambo ya pili ya barabara.

Swali langu ni rahisi: mtu anarudi kufanya nini?

Nauliza kwa sababu kizazi chetu kimelelewa kuamini kwamba kufaulu ni kuondoka. Unatoka kijijini unaenda mjini, unatoka mtaani unahamia kwa mtaa wa lami, ukibahatika unatoka nchini kabisa. Mimi mwenyewe niliacha chuo nikabaki Nairobi kwa sababu kurudi nyumbani mikono mitupu kungekuwa ni kushindwa. Sasa naishi kwa kuandika na kunukuu. Mteja anatuma sauti, mimi namrudishia maandishi, tunahesabiana kwa dakika. Katika kazi hizo za usiku ndipo nilikutana na mahojiano ya watu wa Ayalandi wakibishana kuhusu mpira wa vijiji. Walikuwa wanaongea kwa kasi ya matatu ya asubuhi, na majina ya mahali yalinitoa jasho. Lakini kuna kitu kilinikaa kichwani: hakuna hata mmoja aliyetaja pesa. Nilimaliza kazi ile, nikalipwa, kisha nikaendelea kusoma kuhusu Derry kwa muda wangu mwenyewe. Hii insha ni matokeo yake.

Wakenya wengi tunamjua Mwayalandi kama padre, sista au bruda. Bruda Colm O'Connell, aliyefika Shule ya St Patrick's Iten mwaka 1976 na baadaye akamnoa David Rudisha, alitoka huko. Kile ambacho hatukijui sana ni mchezo walioacha nyumbani.

Mpira wa Kigaeli unachezwa na watu 15 kila upande. Mpira wenyewe unakaribiana kwa ukubwa na wa soka, na unaruhusiwa kuushika, kuudunda, kuupiga ngumi au teke. Milingoti ya lango inapanda juu kama herufi H. Ukiutia wavuni chini ya mtambaa panya ni goli, na goli moja ni pointi tatu. Ukiupitisha juu katikati ya milingoti, kwa kawaida ni pointi moja. Ndio maana matokeo yao yanaandikwa kwa namna ya ajabu: 1-9 maana yake goli moja na pointi tisa, jumla 12. Ndugu yake ni hurling, mchezo wa kale wa magongo ambao ukiutazama mara ya kwanza unajiuliza kwa nini polisi hawajaitwa. Wanawake wakicheza hurling unaitwa camogie.

Michezo hii inasimamiwa na chama kinachoitwa GAA, kilichoanzishwa mjini Thurles tarehe 1 Novemba 1884, wakati Ayalandi yote ilikuwa bado chini ya Uingereza. Waanzilishi walitaka Waayalandi wacheze michezo yao wenyewe badala ya kuiga ya mtawala. Lakini uamuzi uliokuja kuwa na uzito kuliko hotuba zote ulikuwa wa kawaida kabisa: klabu itajengwa juu ya parokia. Pale ulipozaliwa ndipo unapocheza. Kuhama kunawezekana, lakini kuna masharti, na kijijini kuna macho. Hakuna mshahara, hakuna soko la wachezaji, hakuna tajiri wa kununua mshambuliaji Januari. Mwalimu, fundi bomba, mkulima na mwanafunzi wanafanya mazoezi usiku baada ya kazi, kisha Jumapili wanacheza mbele ya watu waliowaona wakijifunza kutembea.

Kutoka hapo kuna ngazi. Klabu inashindana kwanza ndani ya kaunti yake. Bingwa wa kaunti anaingia mashindano ya mkoa, na kaunti tisa za kaskazini zinaunda mkoa wa Ulster. Bingwa wa mkoa anatafuta ubingwa wa Ayalandi nzima, na fainali inachezwa Croke Park, Dublin, uwanja wa watu zaidi ya 82,000. Yaani timu ya kijiji inaweza kuanza mwaka kwenye matope ya kwao na kuumaliza katika uwanja mkubwa kuliko Kasarani.

Sasa tuende Derry. Ni kaunti iliyo ndani ya Ayalandi ya Kaskazini, sehemu iliyobaki chini ya Uingereza baada ya kisiwa kugawanywa mwaka 1921. Hata jina lake ni ugomvi: wengine wanaiita Londonderry, na neno utakalochagua linamwambia msikilizaji mengi kukuhusu. Kaunti yenyewe imeshinda ubingwa wa Ayalandi mara moja tu, mwaka 1993. Ila upande wake wa kusini, ambao unaweza kuuzunguka kwa gari kabla chai haijapoa, umezaa mabingwa wa klabu wa Ayalandi nzima kutoka vijiji tofauti: Bellaghy mwaka 1972, Lavey mwaka 1991, Ballinderry mwaka 2002. Huko ukiwa bingwa, jirani yako naye alishawahi kuwa. Huwezi kuringa kwa muda mrefu.

Slaughtneil walikuwa wameachwa nje ya hadithi hiyo. Ni eneo la mashamba kwenye miteremko ya mlima Carntogher, na si mji. Klabu yao ilianzishwa mwaka 1953 ikapewa jina la Robert Emmet. Walingoja hadi 2004 kushinda ubingwa wa mpira wa Derry kwa mara ya kwanza. Miaka hamsini na moja, hebu fikiria. Kuna watu walioanzisha klabu wakiwa vijana na wakalitia kombe machoni wakiwa na vitukuu.

Kisha, kuanzia 2014, wakavunja mlango. Walichukua ubingwa wa Derry mara nne mfululizo, 2014 hadi 2017. Walishinda Ulster mwaka 2014, 2016 na 2017. Mara mbili walifika fainali ya Ayalandi siku ya Mtakatifu Patrick, na mara mbili wakarudi bila kombe: mwaka 2015 Corofin ya Galway iliwakung'uta 1-14 kwa 0-7, na mwaka 2017 Dr Crokes ya Kerry ikawapita kwa pointi mbili tu, 1-9 kwa 1-7.

Hayo ni ya mpira peke yake. Mwaka 2016 Slaughtneil walishinda Ulster katika mpira wa Kigaeli, katika hurling, na katika camogie, yote katika msimu mmoja. Hakuna klabu iliyokuwa imewahi kufanya hivyo. Na usidhani walikuwa na vikosi vitatu vya watu tofauti. Wanaume wengi walikuwa wale wale, kina McKaigue na Brendan Rogers, wiki hii wanashika mpira, wiki ijayo wanashika gongo. Kijiji kidogo hakina akiba ya wachezaji. Dada zao wa camogie ndio waliokamilisha kazi ambayo kaka zao hawakuimaliza: walishinda ubingwa wa Ayalandi nzima mwaka 2017, 2018 na 2019.

Kuna kitu kingine Slaughtneil walikuwa wakijenga wakati huo huo, nacho kilinigusa kuliko makombe. Ni lugha. Kiayalandi kilikuwa kimekufa vinywani mwa watu wa eneo hilo. Kimebaki kwenye majina ya milima na mito. Katika miaka ya 1990 wazazi wachache wa pale Carntogher waliamua kukirudisha, wakaanza na shule ya chekechea. Ikafuata shule ya msingi, kisha baadaye sekondari huko Dungiven. Leo kuna familia zinazolea watoto kwa Kiayalandi nyumbani, na utakisikia uwanjani wachezaji wakiitana. Baadhi ya wale wasichana walioshinda camogie majina yao yameandikwa kwa Kiayalandi kwenye orodha ya timu.

Katika karne ya 19, mtoto wa Kiayalandi akiongea lugha ya mama shuleni alivalishwa kijiti shingoni. Kila akiteleza, kinatiwa alama, na jioni mwalimu anahesabu alama na kuchapa. Msomaji wangu aliyewahi kuvaa diski shuleni Kenya kwa kuongea lugha ya nyanyake haitaji nieleze zaidi. Kilichonishangaza ni kwamba waliokuwa na akili ya kugeuza mambo hawakuanza na wizara. Walikuwa na klabu, yenye ukumbi, yenye watoto wanaokuja kila jioni, na wazazi wanaojuana kwa majina. Lugha inahitaji mahali pa kuongelewa. Uwanja ulikuwa tayari.

Na Glen je?

Glen wako mjini Maghera, chini ya mlima. Ukitaka duka, benki au shule ya sekondari, watu wa Slaughtneil wanashuka Maghera. Shule ya St Patrick's iliyopo hapo imewasomesha vijana wa klabu zote mbili kwa miongo, na imewahi kushinda kombe la shule za Ayalandi nzima. Kwa hiyo Jumatatu hadi Ijumaa mko darasa moja, mnavaa jezi moja ya shule, mnapasiana mpira. Jumapili wewe ni wa Emmet Park na mwenzako ni wa Watty Graham Park, na hamjuani.

Sisi Nairobi pambano la Gor Mahia na AFC Leopards tunaliita Mashemeji, kwa sababu Waluo na Waluhya wameoana mpaka huwezi kuchora mstari. Lakini mashemeji wetu wamegawanyika katika jiji la mamilioni. Ukifungwa Jumapili, Jumatatu unaweza kupotelea kwenye umati wa Tom Mboya Street. Kule Maghera shemeji uliyemwangusha jana ndiye unayekutana naye kwenye foleni ya mkate leo. Na mchumba wako labda ni dadake.

Jambo lililowauma Glen ni kwamba walikuwa na vipaji. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 vijana wao wa chini ya miaka 18 walikuwa wakishinda mashindano ya Ulster mwaka baada ya mwaka. Kila mtu alisema zamu ya Glen inakuja. Wale vijana wakakua, wakaingia timu ya wakubwa, na kila walipoinua kichwa walikuta Slaughtneil wamesimama mlangoni. Mwaka 2019 walifika fainali ya Derry wakapigwa na Magherafelt. Zamu ikazidi kuchelewa. Hadi wakati huo klabu ya Glen haikuwa imewahi kushinda ubingwa wa wakubwa wa kaunti, hata mara moja.

Sasa ongeza chumvi kwenye kidonda. Kocha aliyeipandisha Slaughtneil hadi fainali mbili za Ayalandi alikuwa Mickey Moran. Mickey Moran ni mtu wa wapi? Ni mtu wa Glen. Mtoto wa Maghera mwenyewe ndiye aliyepanda mlima akawafundisha majirani kushinda. Na alipomaliza Slaughtneil akaenda kaunti ya Down kufundisha Kilcoo, na mwaka 2021 Kilcoo wakakutana na Glen kwenye nusu fainali ya Ulster wakawatoa baada ya muda wa nyongeza. Miezi michache baadaye Kilcoo walikuwa mabingwa wa Ayalandi. Ukiwa shabiki wa Glen, hiyo ni kama kuona mjomba wako akijenga nyumba nzuri kwa kila mtu isipokuwa kwenu.

Lakini 2021 pia ndio mwaka ukuta ulipoanguka. Conor Glass alikuwa amerudi kutoka Australia mwaka 2020. Glen walimleta kocha Malachy O'Rourke, mtu wa Fermanagh, aliyekuwa ameshawahi kuifundisha Monaghan hadi ikashinda Ulster. Fainali ya Derry ikawakutanisha na nani? Slaughtneil, bila shaka. Glen wakashinda. Kombe la kwanza katika historia yao, na waliyemnyang'anya ndiye jirani aliyewazuia miaka yote ile. Mwaka uliofuata fainali ilikuwa ile ile, na mshindi alikuwa yule yule.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Mwishoni mwa 2022 Glen waliipiga Kilcoo kwenye fainali ya Ulster, deni likalipwa. Januari 2023 wakaingia Croke Park kucheza na Kilmacud Crokes, klabu kubwa ya kitongoji cha Dublin yenye maelfu ya wanachama. Kilmacud walishinda 1-11 kwa 1-9. Ila dakika za mwisho, Glen wakishambulia kutafuta goli la kuokoa mechi, picha zilionyesha kwamba Kilmacud walikuwa na watu zaidi ya 15 uwanjani. Wachezaji walikuwa wanabadilishwa na hawakuwa wametoka. Glen walipeleka malalamiko, wasimamizi wakaamuru mechi irudiwe, Kilmacud wakakata rufaa, na mwishowe Glen wakaamua kuiacha kesi. Wiki kadhaa za nchi nzima kubishana, kisha kimya.

Hapo ndipo klabu nyingi hufa kwa uchungu. Unaweza kuishi miaka ishirini ukisimulia jinsi ulivyoibiwa. Glen walirudi nyumbani, wakashinda Derry kwa mara ya tatu, wakashinda Ulster tena, na tarehe 21 Januari 2024 wakarudi Croke Park kuikabili St Brigid's ya Roscommon. Matokeo yalikuwa 2-10 kwa 1-12. Piga hesabu: 16 kwa 15. Pointi moja. Maghera ikawa na mabingwa wa Ayalandi.

Nimesoma watu wakiieleza safari hii kama hadithi ya kipaji, au ya kocha, au ya kijana aliyerudi kutoka Australia. Yote yamo. Lakini mimi naona Slaughtneil ndani ya ushindi wa Glen. Timu iliyokuwa inatoka kijiji cha jirani, yenye watu wachache, ilionyesha kwa vitendo kwamba watu wa huku wanaweza kufika Croke Park. Kisha ikakaa mlangoni kama mtihani ambao Glen hawangeweza kuukwepa. Ukifungwa na timu ya Dublin unaweza kusema wana pesa. Ukifungwa na watu uliosoma nao, wanaokula unachokula na kunyeshewa mvua unayonyeshewa, huna kisingizio. Inabidi ujiangalie.

Na ushindani huo una mwisho wake kila mwaka, pale wachezaji bora wa klabu zote wanapoitwa kuchezea kaunti. Mei 2022 Derry walishinda ubingwa wa Ulster kwa mara ya kwanza tangu 1998, baada ya muda wa nyongeza dhidi ya Donegal. Nahodha aliyeinua kombe alikuwa Chrissy McKaigue wa Slaughtneil. Aliyetawala katikati ya uwanja alikuwa Conor Glass wa Glen. Mwaka uliofuata walilitetea, na safari hii nahodha alikuwa Glass. Wale wawili waliorudi kutoka Australia wakabadilishana unahodha kama majirani wanavyokopeshana ngazi.

Singependa upate picha ya pepo. Mahali panapokushika sana panaweza pia kukukaba. Swali "wewe ni wa klabu gani?" huko Derry limewahi kuwa na maana ile ile ambayo "kwenu ni wapi?" lilikuwa nayo kwetu mwanzoni mwa 2008. Klabu za GAA kaskazini ni za jamii ya Wakatoliki kwa sehemu kubwa, na Waprotestanti wengi wamekua wakiziona kama nyumba ya watu wengine. Hadi Novemba 2001 sheria za GAA ziliwakataza polisi na wanajeshi wa Uingereza walioko kaskazini kuwa wanachama. Upande wa pili, kuvaa jezi au kubeba gongo kulitosha kukufanya ushukiwe kwenye kizuizi cha barabarani.

Na wapo walioilipa klabu kwa uhai. Sean Brown alikuwa mwenyekiti wa klabu ya Bellaghy, si mbali na Maghera. Usiku wa tarehe 12 Mei 1997 alikuwa anafunga lango la uwanja baada ya mkutano. Wauaji wa kundi la Waprotestanti wenye silaha walimteka pale pale langoni, wakampeleka mbali, wakampiga risasi. Alikuwa na miaka 61. Hakuna aliyehukumiwa kwa mauaji hayo, na familia yake imepita mahakama moja baada ya nyingine ikidai ukweli. Kufunga lango ni kazi ya mwisho kabisa katika klabu yoyote. Hailipwi, haina makofi, na anayeifanya ni yule anayekubali kuwa wa mwisho kwenda nyumbani.

Hapo ndipo majina ya hizi klabu mbili yanapoanza kusema kitu. Robert Emmet aliongoza uasi dhidi ya utawala wa Uingereza mwaka 1803, akanyongwa Dublin. Watty Graham alikuwa kiongozi wa vuguvugu la United Irishmen katika eneo la Maghera mwenyewe, na mwaka 1798 alikatwa kichwa mjini humo. Hawa wote wawili walikuwa Waprotestanti. Graham alikuwa mzee wa kanisa la Presbiteri. Ndoto yao ilikuwa nchi ambayo Mkatoliki na Mprotestanti wangesimama pamoja. Miaka zaidi ya mia mbili baadaye, vijana wa Kikatoliki wanavaa jezi zenye majina hayo na kupigana vikumbo kila msimu. Wengine huenda hawajawahi kuliwaza. Lakini jina limo pale kifuani, linangoja mtu wa kuliuliza.

Nirudi kwa swali langu: mtu anarudi kufanya nini?

Jibu rahisi ni mapenzi ya nyumbani, na mimi silitaki, kwa sababu kila mtu ana mapenzi ya nyumbani na bado tunaondoka. Nadhani jibu ni kwamba kuna mahali ambapo ukiondoka pengo lako linaonekana. Kikosi kina watu 15. Ukitoka wewe, anaingia binamu yako mwenye goti bovu, au haingii mtu. Nimefanya kazi kwa wateja ambao ningeacha leo wasingejua hadi mwezi uishe, halafu nafasi yangu ingejazwa kwa dakika kumi. Soko la dunia limejengwa hivyo: kila mmoja wetu anaweza kubadilishwa. Klabu ya kijiji imejengwa kinyume chake. Australia ilimpa Glass mshahara, na Australia ikampata mtu mwingine wa kucheza nafasi yake. Glen wasingempata mwingine.

Hilo pia ndilo linalowatia hofu. Vijiji vingi vya Ayalandi vinazidi kupungukiwa na vijana wakati viunga vya miji vinafurika. Nyumba ni ghali, kazi ziko mbali, Sydney na Boston zinaita kama zilivyoita babu zao. Kuna klabu jirani ambazo tayari zinaunganisha timu za watoto kwa sababu hakuna hata mmoja mwenye watoto wa kutosha kujaza kikosi. Mashemeji waliopigana miaka mia wanalazimika kuvaa jezi moja. Unaweza kusema ni amani. Wenyewe wanaiona kama msiba, kwa kuwa bila jirani wa kumshinda hujui tena wewe ni nani.

Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba ushindani wa vijiji ni ushamba, namwambia aangalie kilichojengwa pale kusini mwa Derry kwa kazi ya bure: viwanja, kumbi, shule za chekechea, timu za wasichana, lugha iliyofufuliwa. Hela zilitoka kwa bahati nasibu za kila wiki na michango ya aina ile tunayoiita harambee. Wivu wa jirani ulisaidia. Wakijenga wao ukumbi, na sisi tunajenga. Wakishinda wao, kesho ni sisi.

Na kesho haikawii. Mwaka 2018 kombe la Derry lilikwenda Coleraine, 2019 Magherafelt, 2020 likarudi Slaughtneil, 2021 hadi 2023 likakaa Glen. Mwaka 2024 Newbridge walilichukua, wakiwa hawajaligusa tangu 1989. Glen walikuwa mabingwa wa Ayalandi nzima mwezi Januari, na kabla mwaka haujaisha hawakuwa hata mabingwa wa kaunti yao. Bila shaka kuna mtu kwenye foleni ya mkate pale Maghera aliyewakumbusha.